Mama Alikaa Nyuma ya Goli

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na Mungu kwa utani wake akanifanya golikipa. Mshambuliaji akikosa bao anashika kichwa, watu wanampa pole, mchezo unaendelea. Golikipa akikosa, hata mtoto aliyeletwa uwanjani kula chipsi anajua mwenye kosa ni nani. Ndiyo maana nikiwa golini siangalii mpira peke yake. Naangalia beki anayeinama kufunga kamba za kiatu, refa anayepiga miayo, mbwa wa watu aliyeachiwa pembeni. Majira yale ya joto nilikuwa na jambo moja zaidi la kuangalia, na halikuwa uwanjani. Lilikuwa Buffalo, mji wa mbali kaskazini, kwenye kochi la mjomba wangu.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa tumbo moja, kitinda mimba. Mama alimbeba mgongoni kule milimani Kivu ya Kusini, na tulipokimbia vita akambeba tena, ingawa wakati huo alikuwa na homa na miguu mirefu iliyoburuta chini. Mpaka leo mjomba hamwiti mama kwa jina. Anamwita yaya, kama kwetu anavyoitwa ndugu mkubwa. Mjomba ana kisukari, na kisukari kimemaliza figo zake, kwa hiyo kila baada ya siku mbili anapelekwa kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Binti yake ndiye anayemtunza. Alikuwa akinipigia simu na kila simu ilianza na kuishia vilevile.

"Baba anaisha," aliniambia. "Mlete shangazi."

Shangazi ndiye mama, na mama hakutaka kusikia neno Buffalo.

Lazima nieleze habari ya harusi, la sivyo mtamwona mama ana roho mbaya, na hana. Binti huyohuyo wa mjomba ndiye aliyeolewa. Kwetu bibi harusi hakabidhiwi kwa wakwe mpaka shangazi yake, dada wa baba, asimame aseme maneno yake mbele ya watu. Mama aliyaandaa maneno yale kwa miezi. Alikuwa akiyajaribu jikoni, akiosha vyombo, akiyapunguza hapa na kuyaongeza pale. Alivaa mshanana, vazi letu la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya dhahabu, aliosafiri nao akiwa ameulaza juu ya magoti yake kutoka Louisville tunakoishi ili usikunjamane. Lakini ukumbi wa kule Buffalo ulikuwa wa kukodi, na wenye ukumbi wa nchi hii hawana mchezo na muda. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kumetameta, akaona saa zimekwenda, akaruka kipengele cha shangazi akaenda kwenye keki. Mama alikuwa amekwishasimama karibu na meza ya maharusi. Akabaki amesimama pale, keki ikakatwa, watu wakacheza, taa kubwa zikawashwa, wafanyakazi wakaanza kukunja viti. Mjomba alikuwa mlangoni anaagana na wageni, anacheka.

Tuliporudi Louisville mama akampigia simu. Nilikuwepo, nikichemsha chai.

"Hautaniona tena," alimwambia, "mpaka siku nitakuya kukuzika."

Akakata simu, akaendelea kuchambua maharage.

Wakati ule mjomba alikuwa mzima, mtu wa kubeba magodoro kwenye ghala bila kuhema. Ugonjwa ulimwangukia baada ya hapo. Mimi nilidhani kinachomzuia mama ni kiburi, na kiburi chake nakijua kwa sababu nimekirithi. Nikimwambia, mama, twende tukamwone mjomba, Jumamosi hii nitaomba ruhusa kazini, alikuwa akinijibu kwa kuniuliza kama nimekula.

Sasa mashindano. Kwanza hayakuwa yetu. Ni ya watu wa visiwa vya Karibiani, Wajamaika, Wahaiti na Watrinidadi wa miji mitatu ya nchi hii, watu wa kazi za kawaida wanaocheza mpira mwisho wa wiki na kulalamika magoti Jumatatu. Timu yao ya Louisville ilikuwa imevunjika, wachezaji nusu wamehamia Florida kufuata joto. Mhaiti mmoja ninayefanya naye kazi Jeffersontown, kwenye kiwanda tunakopakia vipuri vya magari, akaniambia nafasi iko wazi. Sisi tulikuwa na timu ya kujifurahisha kwenye bustani moja kule Shively: Wakongo wa Kivu na Warundi waliokulia kwenye kambi za Tanzania. Nahodha wetu ni Mrundi, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha msoma habari wa redio. Yeye ndiye aliyeongea na mwenyekiti wa mashindano, mzee wa Kijamaika, na mzee akamuuliza kama sisi ni watu wa visiwani.

"Tuna Idjwi," nahodha akamjibu. "Kisiwa kikubwa sana."

Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa Idjwi, kule katikati ya Ziwa Kivu. Wengi wetu kuogelea hatujui. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akatukubali.

Mzee huyo ana tabia ya kutuma ujumbe wa sauti, mrefu, na Kiingereza chake kinapanda na kushuka kama njia ya kwetu. Tulikuwa tunashika maneno machache, Louisville, Columbus, Buffalo, halafu wote tunajibu kwa picha ya dole gumba. Tulichoelewa ni hiki: mechi za mwanzo zinachezwa kila mtu kwake, nusu fainali Columbus, fainali Buffalo.

Niliposikia Buffalo, nilisikiliza ujumbe ule tena nikiwa peke yangu kwenye gari. Mama ni mama wa timu. Anapika, anatuombea, na mechi ikianza anafungua kiti chake cha kukunja nyuma ya goli langu na kukaa wima, ili shetani, anasema, asipitie nyuma. Timu ikienda Buffalo, mama ataenda, maana hawezi kukubali vijana wasafiri na kula mikate ya kituo cha mafuta. Akishafika Buffalo, nitajua la kufanya. Lakini ili timu ifike Buffalo, mimi nisifungwe. Nikaanza kulala vibaya tangu siku hiyo.

Mechi za nyumbani tulizipita, sijui kwa nguvu gani. Siku ya kwanza akina mama wa Kijamaika wa Louisville walileta pipa la kuchomea kuku, moshi wake unawasha macho, na masufuria ya wali uliopikwa na maharage. Mama alionja, akaonja tena.

"Aba ni batu yetu," akasema, akiwaonyesha wapishi kwa kidole. "Balipotea tu mu bahari."

Mimi sikuweza kula. Kazini simu hairuhusiwi kwenye mstari wa kupakia, kwa hiyo nilikuwa naificha ndani ya soksi. Ikitetemeka kwenye kifundo cha mguu, mwili mzima unapoa. Mara moja ilitetemeka mfululizo, nikamwachia Mhaiti boksi mkononi, nikakimbilia chooni kama mtu aliyekula vibaya, nikiwaza nitamwambiaje mama, nitaanzia wapi, nani atakuwa amekaa naye. Ilikuwa kliniki ya meno ikinikumbusha miadi. Nilikaa juu ya mfuniko wa choo nikawatukana madaktari wa meno wote wa Kentucky.

Safari ya Columbus tuliianza asubuhi, magari yakifuatana. Mama alikaa mbele kando yangu na mkoba wangu wa glavu juu ya magoti yake. Nikamwambia auweke nyuma, akakataa, akasema nyuma kuna sufuria. Sikufikiria zaidi. Binti wa mjomba alikuwa amenipigia siku iliyotangulia akasema baba yake hali chakula, anakunywa uji tu, na kwamba siku hizi anaongea sana habari za utotoni. Watu wanaokaribia kuondoka huongea habari za utotoni, kila mtu anajua hivyo. Nilishika usukani kwa mikono miwili njia nzima.

Nusu fainali ilikuwa na Wahaiti wa Columbus, vijana wenye mapafu ya kukodi, hawachoki. Mpira wa kwanza ulionijia ulikuwa krosi ya kawaida, isiyo na madhara, ya kudaka huku unaongea na mtu. Niliruka, nikaudaka, nikaukumbatia, na mpira ukanitoka kifuani kama samaki. Straika wao alikuwa amesimama palepale. Bao.

Nahodha aliuokota mpira wavuni mwenyewe, na hilo ni baya kuliko kutukanwa. Nikadhani ni woga wangu. Mpira wa pili ulikuwa shuti dhaifu, nikauzuia kwa mikono miwili, ukateleza, beki akauwahi kwenye mstari. Hapo ndipo nilipoinua glavu usoni kujifuta jasho nikasikia harufu. Harufu ya mafuta ya zeituni. Nikageuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya wavu, macho amefumba, midomo inakwenda.

"Mama! Umezifanya nini glavu zangu?"

Akafumbua macho, ametulia kabisa. "Nimezipaka."

"Mafuta gani?"

"Ya upako. Pasta aliyaombea Jumapili. Nilipaka muzuri, mpaka katikati ya bidole."

Ninawaheshimu watu wa mafuta. Nimepakwa mwenyewe kichwani nilipokuwa na malaria kambini, na niko hai. Lakini glavu za golikipa zimetengenezwa kwa kitu kama sponji, zinashika mpira zikiwa kavu au zikiwa na maji kidogo, na ukizipa mafuta zinakuwa sabuni. Nilizisugua kwenye nyasi. Nilizimwagia maji, na maji yakakimbia juu ya mafuta. Nikazitupa ndani ya goli, nikacheza mikono mitupu kama tulivyokuwa tukicheza utotoni. Nilidaka mipira migumu siku ile. Mmoja ulinikunja kidole cha kati mpaka nikaona nyota, lakini niliudaka. Tulisawazisha kipindi cha pili, na karibu na mwisho wakatufunga la kichwa, la halali. Sikuwa na la kumlaumu mtu, isipokuwa lile la kwanza.

Wenzangu walikwenda kula kuku. Mimi nilikwenda kukaa kwenye gari na kidole changu kinachovimba, na nikalia. Sioni haya kusema. Sikuwa nalilia mpira. Nilikuwa namwona mjomba na bakuli lake la uji, na njia ya kumfikishia dada yake imefungwa, tena imefungwa kwa mikono yangu.

Mama akaja, akafungua mlango, akakaa. Alikuwa ameziokota glavu, amezifunga kwenye kipande cha kitenge.

"Mama," nikamwambia, "mechi zote zilizopita hukupaka kitu. Kwa nini leo?"

"Nani hapendi batoto yake bashinde?"

"Mama."

Alitazama mbele, kwenye uzio.

"Bon, haya," akasema. "Nilimuambia Mungu: kama ni Weye unanituma Buffalo, batoto bashinde. Kama hapana, bashindwe. Halafu nikaona, Mungu iko na kazi mingi. Nikamusaidia na mafuta." Akakaza fundo la kitenge. "Sasa amejibu. Amekataa."

Nilikasirika. Kidole kinauma, tumefungwa, na yeye anaongea habari za kutumwa, wakati gari ni letu, barabara ipo, na petroli inauzwa kila kona.

"Mama, si useme tu kwamba unataka kwenda? Kiburi hiki mpaka lini? Mtu anakufa!"

"Kiburi?" Aligeuka akanitazama kama mgeni. "Papa," ndivyo anavyoniita mimi mwanawe, "unazani ni kiburi?"

Akanishika mkono ule mzima. Mkono wake ulikuwa baridi, na nje watu wanatembea vifua wazi kwa joto.

"Sikia. Mimi njo mukubwa, na kinywa ya mukubwa inashika. Nilimuambia kwa kinywa yangu: hautaniona tena mpaka siku ya kukuzika. Na tangu nilisema, akaanza kugonjwa. Donc, basi, siku nitafika kule, na yeye ataniona na macho yake, ile itakuwa siku gani?"



"Pasta anajua?" niliuliza.

"Anajua. Alivunja lile neno kwa maombi, nikaitika amina. Lakini kinywa haiko ya pasta. Ni yangu."

Kumbe muda wote ule, nilipokuwa namwona amenuna, alikuwa anamlinda. Alikuwa anakaa mbali naye kama mtu anavyoweka moto mbali na nyasi. Na kwenda na timu ilikuwa hesabu yake, ileile yangu lakini kwa upande mwingine: angekwenda mpirani, wala asingekuwa amekwenda kwa mjomba, na kama Mungu angewakutanisha njiani ingekuwa ni juu ya Mungu. Ningependa kuandika kwamba mimi sikuamini mambo haya. Nimesoma, naendesha forklifti ya kiwandani, najaza fomu za kodi yangu mwenyewe kwenye kompyuta. Lakini nilikaa kwenye gari lile nikawaza: je, nikimlazimisha, halafu mjomba afe wiki hiyohiyo?

Ndipo nahodha akagonga kioo, paja la kuku mkononi.

"Mama, shikamoo tena. Kaka, mbona mmejifungia? Safari bado ipo."

"Safari gani?"

"Ya Buffalo. Wahaiti wamenieleza sasa hivi. Waliofungwa nusu fainali wanakutana hukohuko, kabla ya fainali, kutafuta mshindi wa tatu. Yule mzee alishatuambia kwenye sauti yake tangu mwanzo. Sisi tukampa dole gumba."

Mama aliinama kumtazama vizuri kupitia dirisha langu.

"Donc, kama tungeshinda, tungeenda Buffalo?"

"Ndiyo, mama."

"Na tumeshindwa, tunaenda Buffalo?"

"Ndiyo, mama. Kwa vyovyote, Buffalo."

"Sasa mimi nilikuwa namuomba Mungu nini?"

Nahodha akadhani ni utani, akacheka, akaondoka na kuku wake. Mama hakucheka. Tulipoipita Cincinnati tukirudi nyumbani, akauliza kama Buffalo kuna duka la unga wa muhogo, na mimi nikajua amekubali, na hofu yangu ikaanza upya.

Kati ya mechi ya Columbus na ile ya Buffalo mjomba alilazwa hospitali. Binti yake alinipigia akiwa kwenye korido, nikasikia vitanda vinasukumwa. Sikumwambia mama. Nilirudi nyumbani nikamkuta anapasi fulana za timu, nikala chakula chote alichonipa ili asinisome usoni. Mjomba aliporuhusiwa kutoka, nilimwambia binti yake maneno niliyokuwa nimeyapanga.

"Mama haji kwenu. Anakuja kwenye mpira. Ukiweza, mlete mjomba uwanjani, kama mtu aliyekuja tu kuangalia."

Nilisikia akimweleza baba yake kwa sauti ya juu, kisha akarudi kwenye simu.

"Baba anasema sawa. Anasema na yeye atakuja mpira."

Mama sikumwambia hili pia. Niliogopa atajifungia kwenye gari.

Tuliingia Buffalo Ijumaa, tukalala kwa watu wa kanisa. Tulipokuwa tunapita kando ya lile ziwa lao mama alilitazama muda mrefu, akasema Ziwa Tanganyika lina rangi nzuri zaidi. Jumamosi uwanjani kulikuwa na upepo kutoka ziwani, bendera za visiwa vyote zinapiga kelele kwenye milingoti, spika kubwa kama makabati, wazee wanapiga domino mezani kana kwamba wanaiadhibu. Mama alipanga masufuria yake pembeni ya yale ya Wajamaika. Hakuuliza kitu. Lakini hakutazama upande wa maegesho hata mara moja, na mtu asiyemngoja yeyote hutazama kila upande.

Tulikuwa tunacheza na Wajamaika wa hapohapo Buffalo. Kipindi cha kwanza kilipita bila bao. Vidole vyangu viwili nilikuwa nimevifunga pamoja kwa plasta. Kila gari lililoingia nililihesabia mjomba, na kila gari lilishusha watu wengine, wenye friji za mkononi na watoto. Nikaanza kuwaza kwamba hatakuja, kwamba asubuhi hiyo wamemrudisha hospitali, kwamba simu yangu inatetemeka sasa hivi kwenye begi pembeni ya uwanja na mimi nimesimama hapa nimevaa kaptula.

Kipindi cha pili tulibadilishana upande. Mama akakunja kiti chake, akavuka uwanja wote kwa mwendo wake wa kanisani, akakifungua nyuma ya goli langu jipya. Goli hilo lilikuwa upande wa maegesho. Akakaa akiyapa mgongo magari.

Nilimwona mjomba kabla mama hajamwona. Alikuwa amevaa koti la suti na tai, na miwani myeusi, amekonda hadi koti limekuwa la mtu mwingine. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Alitembea akiinua miguu juu sana, kama mtu anayevuka maji. Nikataka kupiga kelele, sijui kumwambia aje au arudi. Lakini Wajamaika walikuwa wamepata kona, na mrefu wao, yule mwenye nywele za kusokota, alikuwa amekuja kusimama juu ya vidole vyangu vya miguu. Ikabidi nigeukie mpira.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya binti.

"Shangazi. Tumekuja."

Kiti kikaanguka. Na mama, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti mbele ya watu, akapiga kelele.

"Mumutoe! Mumutoe hapa! Asinione! Nasema asinione!"

Mpigaji alikuwa ameinua mkono. Mabeki wangu wanaitana. Nikageuza kichwa kidogo tu, nikamwona mama amejifunika uso mzima kwa kitenge, amekunjana karibu na nguzo ya goli, na mjomba amesimama mbele yake akiwa ameachia mkono wa binti yake.

"Yaya," akasema mjomba. Sauti yake ilikuwa ileile, hiyo haikukonda. "Yaya, usiogope. Mimi sikuoni."

Mama alizidi kukikaza kitenge usoni.

"Macho ilikwisha tangu masika. Hata mukono yangu siioni. Njo maana nasema usiogope, yaya. Haujavunja kitu. Sikuoni."

Habari ya macho hakuna aliyekuwa ametuambia. Mjomba ndiye aliyewakataza, binti yake alinieleza baadaye, mama asije akadhani ni kinywa chake kilichoyazima.

Filimbi ililia, kona ikapigwa. Nilisikia mpira unavyokuja, nilisikia nahodha anaita jina langu, na nikasikia mama, chini kabisa, kwa sauti aliyokuwa akitubembelezea tukiwa wadogo.

"Basi unikamate, mudogo yangu. Kunikamata sikukukataza."

Mpira ukapita. Wanasema ulipita kushoto kwangu, polepole, wa kudaka huku unaongea na mtu. Mimi sikuuona, nilikuwa nimegeuka nyuma.